KISANDUKU CHA MAKTABA: KWA NINI KILICHELEWA KUWAKA, NA JINSI TULIVYOKIHARAKISHA

Wengi wenu mmekwisha kukiona kile kisanduku cheusi chenye antena mbili kilichowekwa juu ya kabati la vitabu vya jiografia katika maktaba yetu. Wengine hukiita redio, na wengine hukiita intaneti ya shule. Si redio, wala si intaneti. Ni ruta ya zamani ambayo sisi wa Chama cha Sayansi tumeifanya kuwa mtunza maktaba. Imechomekwa diski ndogo ya USB yenye nukuu za masomo na mitihani ya miaka iliyopita, nayo huzigawa kwa kompyuta mpakato kumi za maktaba bila ya kuhitaji intaneti ya nje. Mhariri ameniomba nieleze jinsi kinavyofanya kazi, na kwa nini muhula uliopita kilitutia aibu. Nitaeleza kwa kadiri ya uwezo wangu, pamoja na kosa langu mwenyewe, maana kosa likielezwa vizuri huwa somo kwa wengine.

Mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa jioni moja ya masika, na mawingu meusi yalikuwa yametanda juu ya ziwa kama yafanyavyo hapa Mwanza wakati wa mvua. Wanafunzi wa Kidato cha Pili walikuwa na zamu yao ya maktaba, dakika 40 tu, kisha wawapishe wengine. Kila kundi lilikuwa likitafuta maswali ya hesabu ya miaka iliyopita. Umeme ukakatika, ukarudi. Ukakatika tena, ukarudi. Katika zamu ile moja ulikatika mara tano. Kompyuta mpakato zina betri zake, hivyo hazikuzimika. Kisanduku hakina betri, kwa hiyo kila umeme ulipokatika kilizimika, na kila uliporudi kilianza kuwaka upya tangu mwanzo. Wanafunzi walikaa mikono shavuni wakitazama ukurasa mtupu.

Kijana mmoja wa Kidato cha Pili akaniambia kwa upole, "Kaka, kisanduku chako kinalala kuliko sisi." Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini moyoni sikucheka. Ni mimi niliyekitengenezea programu kile kisanduku, na ni mimi niliyewaambia wenzangu kwamba nimeitengeneza kwa ustadi mkubwa kabisa.

Kesho yake niliazima saa ya michezo kwa mwalimu wa michezo, nikapima. Tangu umeme kurudi hata ukurasa wa kwanza kuonekana zilipita sekunde 94. Zidisha kwa mara tano: sekunde 470, karibu dakika 8. Katika zamu ya dakika 40 nilikuwa nimewanyang'anya wadogo zangu sehemu moja katika tano ya muda wao.

Kabla sijaeleza tulivyolitengeneza jambo hilo, yafaa tujue ndani ya kisanduku mna nini. Ruta ni kompyuta, ijapokuwa haina kioo wala kibodi. Ina prosesa ya kufanya kazi. Ina kumbukumbu ya kazi, iitwayo RAM, ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika. Tena ina chipu ya flashi, ambayo haisahau. Programu zote zimelala katika chipu hiyo ya flashi, na kisanduku kikipata umeme huzisoma na kuzipandisha katika RAM, ndipo kazi ianze. Chipu ya kisanduku chetu ni ya megabaiti 8, na RAM yake ni megabaiti 64. Picha moja iliyopigwa kwa simu nzuri ya siku hizi yaweza kujaza nusu ya chipu hiyo.

Programu kuu iliyomo ni Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Aliitoa wazi kwa watu wote waitumie na kuirekebisha. Hapa Tanzania si jambo geni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili, nazo pia zilitokana na programu za namna hiyo zilizo wazi. Kuhusu ruta, habari ilianzia kwa ruta iitwayo WRT54G ya kampuni ya Linksys, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2002. Watu walitambua kwamba ndani yake mna Linux, na kwa masharti ya leseni kampuni ikatoa maandishi ya programu mwaka 2003. Kutokana na hayo mwaka 2004 ulianza mradi wa OpenWrt, ambao hutoa Linux ndogo ya kutia katika ruta za kila namna. Ndiyo tuliyotumia sisi.

Sasa nafika kwenye shida yenyewe. Mtengenezaji wa kifaa kidogo kama hiki ana mambo mawili yanayovutana. La kwanza, nafasi ni ndogo, na programu hazina budi kuenea humo. La pili, kifaa kinatakiwa kiwake upesi. Mara nyingi ukiongeza moja unapunguza la pili. Ili kila msomaji anifuate, hata mzazi ambaye hakupata kugusa kompyuta, nitaeleza kwa mfano wa viazi.

Huku kwetu Usukumani viazi vitamu vikivunwa kwa wingi, kina mama huvimenya, huvikata vipande vyembamba na kuvianika juani mpaka vikauke kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Viazi vibichi vya kujaza pembe nzima ya ghala vikishakuwa michembe hukaa mahali padogo, tena havioziozi. Lakini mtu akija na njaa usiku huwezi kumpa michembe mikavu atafune. Yabidi uchemshe mpaka ilainike. Nafasi uliyoiokoa ghalani unailipa jikoni kwa muda na kuni.

Programu nazo hukaushwa. Kuna njia za hesabu za kuzibana ili zichukue nafasi ndogo, na kifaa kikiwaka hakina budi kuzikunjua kwanza. Kiini cha Linux, yaani ile sehemu yake inayotawala prosesa, kumbukumbu na vyombo vyote, hukaa katika chipu kikiwa kimebanwa. Njia za kubana ni nyingi. Njia ya gzip ni ya zamani na ya wastani. Njia ya XZ hubana sana: maelezo yaliyomo ndani ya Linux yenyewe husema kiini kilichobanwa kwa XZ huwa kidogo kwa kiasi cha asilimia 30 kuliko cha gzip, lakini hukunjuliwa polepole zaidi. Njia ya LZO hubana kidogo tu, na kiini chake huwa kikubwa kwa kiasi cha asilimia 10 kuliko cha gzip, lakini hukunjuliwa haraka sana. Ipo na LZ4, iliyoingizwa katika kiini mwaka 2013, ambayo hukunjuliwa haraka kuliko hata LZO, ila kiini chake ni kikubwa zaidi kwa asilimia 8 hivi.

Mimi nilichagua XZ kwa kila kitu. Nilisema moyoni, "Nafasi ni ndogo, basi nibane mpaka mwisho." Nafasi iliyobaki nikaijaza programu nilizozipenda: ya kuchapisha karatasi, ijapokuwa maktaba haina mashine ya kuchapa, ya kupima kasi ya intaneti, ijapokuwa intaneti hatuna. Nilikuwa kama mtu aliyepata ghala tupu akalijaza vyungu vilivyopasuka kwa sababu tu ghala lina nafasi.

Watu wengi hudhani kwamba kilichobanwa sana lazima kichelewe, na kisichobanwa lazima kiwahi. Si kweli daima. Muda wa kupandisha kiini una sehemu mbili: muda wa kukisoma kutoka katika chipu, na muda wa kukikunjua. Kilichobanwa sana husomwa upesi kwa kuwa ni kidogo, lakini hukunjuliwa polepole. Kilichobanwa kidogo husomwa polepole, lakini hukunjuliwa upesi. Twahitaji jumla yake, wala si sehemu moja.

Tazameni hesabu ya kisanduku chetu. Chipu yake husoma megabaiti 1 kwa sekunde. Kiini cha XZ kilikuwa megabaiti 1.4, kusoma sekunde 1.4, kukunjua sekunde 2.6, jumla sekunde 4.0. Cha gzip kilikuwa megabaiti 2.0, kusoma sekunde 2.0, kukunjua nusu sekunde, jumla sekunde 2.5. Cha LZO kilikuwa megabaiti 2.2, kusoma sekunde 2.2, kukunjua sekunde 0.2, jumla sekunde 2.4. Hapa LZO imeshinda, lakini imeishinda gzip kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, nayo inadai nafasi zaidi. Kwa hiyo tulichagua gzip.

Sasa tuseme chipu ingekuwa nzito, inasoma megabaiti 0.2 tu kwa sekunde. XZ ingechukua sekunde 7 za kusoma na 2.6 za kukunjua, jumla 9.6. Gzip ingechukua 10 na 0.5, jumla 10.5. LZO ingechukua 11 na 0.2, jumla 11.2. Yule wa mwisho amekuwa wa kwanza! Tuseme tena chipu ingekuwa nyepesi, inasoma megabaiti 10 kwa sekunde: XZ sekunde 2.74, gzip 0.7, LZO 0.42. Twaona basi kwamba haifai kuuliza, "Njia ipi ni bora?" Yafaa kuuliza, "Katika kifaa hiki mzito ni nani, chipu au prosesa?" Chipu ikiwa nzito, bana sana ili usome kidogo. Prosesa ikiwa nzito, bana kidogo ili ukunjue haraka. Ndugu zangu wa Kidato cha Tatu mnaopenda hesabu, tafuteni wenyewe ni kasi gani ya chipu inayozifanya XZ na gzip kuwa sawasawa. Jibu liko karibu na megabaiti 0.29 kwa sekunde.

Nilipomaliza hesabu hiyo nilifurahi sana, nikakimbilia kwa mwalimu wetu wa fizikia. Akaisoma yote, akaniuliza swali moja tu: "Umeokoa sekunde moja na nusu. Zile nyingine 90 ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshughulika majuma mawili na sekunde 4 katika 94, kwa sababu tu ndizo nilizozisoma na kuzipenda. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Muda nao ni mali, nami sikuwa na daftari. Basi tulifungua kisanduku, tukaunganisha waya kwenye ubao wake ili maandishi ya kuwaka kwake yaonekane katika kompyuta, kila mstari na sekunde yake, tukaandika. Daftari lilionyesha hivi:

Programu ya kuanzishia, ikingoja mtu abonyeze kitufe: sekunde 5.
Kusoma na kukunjua kiini: sekunde 4.
Kiini kujiandaa na kutambua vyombo: sekunde 9.
Kufungua sehemu ya chipu inayoandikwa mabadiliko: sekunde 8.
Kungoja mtandao wa nje ili kusahihisha saa: sekunde 30.
Kupitia diski ya USB na kutengeneza orodha ya vitabu: sekunde 25.
Huduma nyingine: sekunde 13.
Jumla: sekunde 94.

Wengi tulishika vichwa. Sekunde 30 nzima kisanduku kilikuwa kikiita intaneti isiyokuwapo, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba isiyo na watu, mpaka achoke mwenyewe! Hilo halikuhusu nafasi hata kidogo. Tuliliondoa, na saa sasa husahihishwa na mkutubi kwa mkono kila Jumatatu. Zile sekunde 5 za mwanzo nazo hazikuwa na gharama. Programu ya kuanzishia huhesabu kinyumenyume ikimngoja fundi, na fundi hayupo. Tukaacha sekunde 1, maana siku kisanduku kikiharibika fundi atahitaji mlango wa kuingilia. Ukifunga kabisa utaokoa sekunde, na siku moja utapoteza kisanduku.

Katika zile sekunde 9 za kiini tulikuta jambo la ajabu. Kiini kikiwaka husema kila kinachofanya, na maneno hayo hupita katika waya herufi moja moja. Kasi ya waya huo ni biti 115,200 kwa sekunde, na kila herufi huchukua biti 10, yaani herufi 11,520 kwa sekunde. Kiini chetu kiliandika herufi kama 20,000. Gawanya: sekunde 1.7 zilikuwa zikipotea kwa kuzungumza tu, na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Kwa kuandika neno moja la amri, "quiet", kikanyamaza. Tuliondoa pia draiva za vyombo tusivyokuwa navyo. Kiini kikawa chepesi, na sekunde 9 zikawa 5.5. Hapa, wasomaji, nafasi na muda havikuvutana, bali vilikwenda pamoja, maana kitu kisichokuwamo hakichukui nafasi wala hakipotezi muda. Programu zangu za kuchapisha na za kupima intaneti nilizifuta kwa mkono wangu mwenyewe, zikatupa megabaiti 1.1. Gzip ilikuwa imedai megabaiti 0.6 zaidi ya XZ. Deni likalipwa, na chenji ikabaki.

Je, programu nyingine zote, mbali na kiini, tulizitoa katika XZ? Hapana, na sababu yake yafaa kuelezwa. Kiini hakina budi kukunjuliwa chote kabla ya kuanza kazi, kama mtu anayelazimika kuchemsha gunia zima la michembe ili apate sahani moja. Programu nyingine zimewekwa katika mfumo wa faili uitwao SquashFS, ulioingizwa rasmi katika Linux mwaka 2009. Mfumo huu hubana vitu katika mafungu madogo madogo. Kwa kawaida fungu ni kilobaiti 128 kabla ya kubanwa. Ukitaka programu moja hufunguliwa mafungu yake tu, mengine hubaki yamelala. Kwa hiyo kubana sana hapa hakuumizi sana. Tena SquashFS haiandikwi kamwe, bali husomwa tu, na hilo ni jema kwa mahali ambapo umeme hukatika ghafla, kwa sababu kisichoandikwa hakiwezi kuharibika katikati ya kuandikwa.

Mabadiliko huandikwa katika sehemu nyingine ya chipu, kwa mfumo uitwao JFFS2, ulioingia katika Linux mwaka 2001. Mfumo huo hauchukui nafasi nyingi, lakini una tabia moja: kila ukiamka huipitia chipu na kukusanya habari za vipande vilivyoandikwa kabla ya kuanza kazi. Sisi tulikuwa tukiandika humo kumbukumbu za kila mwanafunzi aliyefungua ukurasa, na vipande vikawa vingi mno. Tulihamisha kumbukumbu hizo katika RAM, na sekunde 8 zikawa 4. Kwa chipu kubwa kuna mfumo mwingine, UBIFS, wa mwaka 2008, ambao huamka upesi zaidi kwa kuwa orodha yake imeandikwa katika chipu yenyewe; lakini orodha hiyo hula nafasi, nayo sisi hatukuwa na nafasi ya kuilisha. Hapo tena ni nafasi dhidi ya muda.

Zilibaki sekunde 25 za orodha ya vitabu, nazo ndizo zilizonifundisha zaidi. Nilipokwenda nyumbani likizo fupi nilimsimulia mama habari hizi zote, na za michembe nilizozitumia kwa mfano. Akasikiliza, kisha akasema, "Sasa kwa nini usifanye matobolwa?" Wasomaji wasio wa Usukumani wajue kwamba matobolwa ni viazi vinavyochemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Kazi ya moto imekwisha kufanywa siku ya mavuno, na mtu aweza kuyatafuna papo hapo. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Alikuwa amelitatua fumbo langu. Kisanduku kilikuwa kikipitia diski nzima kila kinapowaka, ijapokuwa vitabu hubadilika mara moja tu kwa mwezi. Tuliporudi shuleni tulibadili utaratibu: orodha hutengenezwa siku vitabu vinapoongezwa, nayo huandikwa tayari katika diski ya USB. Inachukua nafasi ya megabaiti 3. Katika chipu yetu ingekuwa nafasi nyingi mno, lakini katika diski ya USB, yenye maelfu ya megabaiti, ni kama chumvi katika sufuria. Sekunde 25 zikawa 2.

Twajifunza hapo kwamba nafasi si moja. Iliyomo katika chipu ni ghali, na iliyomo katika diski ni rahisi. Mwenye akili hununua muda kwa nafasi ile iliyo rahisi.

Jumla mpya ni hii: 1, na 2.5, na 5.5, na 4, na 0, na 2, na 10 za huduma nyingine, sekunde 25. Umeme ukikatika mara tano katika zamu moja tutapoteza sekunde 125, yaani dakika 2 na kidogo, badala ya dakika 8.

Mzazi mmoja aliyekuja kututembelea aliuliza swali zuri: "Kwa nini msinunue betri, kisanduku kisizimike kabisa?" Kweli, kisichozimika hakihitaji kuwaka haraka. Ndivyo walivyofanya jirani zetu wa Nairobi waliotengeneza ruta iitwayo BRCK, iliyotangazwa mwaka 2013. Waliijua vizuri hali ya umeme wa Afrika, wakaitia betri ya kukaa kiasi cha saa 8. Ruta yetu hutumia wati kama 6, na betri ndogo ya pikipiki ya volti 12 ingeiweka macho kwa saa kadhaa. Tunaiombea betri hiyo katika bajeti ya mwakani. Lakini betri huchoka, na siku itakapochoka, sekunde 25 zitakuwa bora kuliko 94. Betri na uharaka si maadui.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la shule maskini peke yake. Mwaka 2008, katika mkutano wa mafundi wa Linux huko Portland, Marekani, wahandisi wawili, Arjan van de Ven na Auke Kok, walionyesha kompyuta ndogo ikiwaka kwa sekunde 5. Siri yao haikuwa kupunguza hapa na pale. Walipanga bajeti kwanza, kiini sekunde moja, sehemu fulani sekunde moja, na kila sehemu ikalazimika kukaa katika kiasi chake. Na kwa upande wa nafasi, OpenWrt yenyewe ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 21.02 la mwaka 2021 kifaa kisiwe na chini ya megabaiti 8 za flashi na 64 za RAM, kwa kuwa Linux imekua. Kisanduku chetu kimesimama ukingoni hasa. Mwakani huenda programu mpya isienee, na hapo mtakaokirithi hamtakuwa na budi kuchagua tena.

Nasema mtakaokirithi, kwa sababu sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa taifa Novemba, kisha twaondoka. Daftari la vipimo nimelikabidhi kwa mkutubi. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika maswali manne, na ninawaomba myajibu kwa mpangilio huu kila mnapotaka kukiharakisha: Je, mmepima? Je, kipo kitu kisichohitajika? Je, ipo kazi inayoweza kufanywa mapema? Na la mwisho, ndipo muulize: tubane kwa njia gani? Mimi nilianza na la mwisho, na wadogo zangu wakalipa.

Juma lililopita umeme ulikatika tena wakati wa zamu ya Kidato cha Pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni na saa ya michezo. Yule kijana aliyenitania aliinua macho akakitazama kisanduku, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini pamoja na wenzake. Walipofika ishirini na tano ukurasa ulifunguka, nao wakainama, wakaendelea na hesabu zao. Hakuna aliyenitazama, nami nikaona hiyo ndiyo shukrani kubwa kuliko zote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Sayansi.